Wageni Wanaingia kwenye Tovuti, Lakini Hawalipi: Dalili, Vyanzo na Matengenezo

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya wageni, mwenye boti, nahodha wa jahazi la matembezi au fundi wa samani hapa Lamu ambaye ana tovuti, anaona watu wanaifungua, na bado simu hailii. Kila sehemu inaanza na dalili jinsi unavyoiona wewe mwenyewe, kisha vyanzo vinavyowezekana, kisha la kufanya. Si lazima usome kwa mpangilio. Tafuta dalili yako.

Kwanza ondoa mambo mawili ambayo hayahusiani na kuaminiwa. Fungua tovuti kwa simu ya kawaida, kwa bando, ukiwa umeketi gatini. Ikiwa picha bado zinavutwa wakati umeshasalimiana na nusu ya wapita njia, punguza ukubwa wa picha kabla ya kugusa kitu kingine chochote. La pili ni kalenda. Kuanzia Aprili hadi Juni masika yanapiga, upepo wa kusi umeshaingia, na nyumba kadhaa za Shela, kijiji cha ufuoni jirani na mji, hufungwa kabisa. Usiilaumu tovuti kwa makosa ya mwezi wa Mei.

Ukishayapita hayo, tuendelee. Tovuti nyingi za biashara za hapa ambazo nimeitwa kuzirekebisha hazikuwa zimedanganya mtu. Zilinyamaza tu pale mgeni alipohitaji jibu. Mgeni aliyesimama gatini anakuona, anasikia watu wanavyokuita, na anaweza kumuuliza muuza juisi kama wewe ni mtu wa kuaminika. Anayesoma akiwa Milan hana wa kumuuliza isipokuwa ukurasa wenyewe. Ukurasa usipomjibu, anajijibu mwenyewe, na kwa kawaida anajijibu vibaya.

Dalili: Wanasoma kurasa nyingi, hawaulizi kitu, wanaondoka

Angalia ukurasa wako wa "Kuhusu Sisi". Ikiwa unasema biashara yenu ina uzoefu, inajali wateja na inatoa huduma ya hali ya juu, umeshapata chanzo. Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye tovuti ya duka la matairi la Nakuru bila kubadilisha herufi. Hakuna jina la mtu, hakuna sura, hakuna mahali.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na B. J. Fogg, waliwaomba watu 2,684 walinganishe tovuti na kueleza kwa nini wameiamini hii kuliko ile. Karibu nusu ya maoni, asilimia 46.1, yaligusa sura ya tovuti. Wauzaji wa huduma za kutengeneza tovuti wanaipenda sana takwimu hiyo, nami naelewa kwa nini. Lakini kundi hilohilo la Stanford, katika ushauri wake kwa wenye tovuti, lilitaja pia kuonyesha kwamba nyuma ya tovuti kuna shirika la kweli lenye watu wa kweli, na kurahisisha njia ya kuwasiliana nao. Sura humfanya mgeni asikimbie katika dakika ya kwanza. Akishafika mahali pa kutaka kutuma pesa, anatafuta mtu.

Kwa hiyo andika jina la biashara kama lilivyosajiliwa, jina la anayewapokea wageni pamoja na picha yake, na mwaka mlioanza. Kama una leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, weka nambari yake. Leseni hiyo inatokana na Sheria ya Utalii ya 2011, na wakala wa safari wa Nairobi akiona nambari anapumua. Kisha eleza mahali. "Tuko katikati ya mji wa kale" haimsaidii mtu, kwa sababu sote tuko katikati ya mji wa kale. Mpe njia kama ungempa mjomba anayekuja kwa mara ya kwanza: shuka gatini, ingia Mkunguni mbele ya Ngome, fuata Usita wa Mui, taja msikiti wa kugeukia, taja rangi ya mlango. Mji huu hauna nambari za nyumba za kutegemewa, na mgeni haijui hali hiyo. Akiona huna anwani anadhani huna nyumba.

Dalili: Amekubali chumba, tarehe na bei. Ukamtumia maelezo ya malipo, akanyamaza

Hii ndiyo dalili inayouma zaidi, na ndiyo inayopewa sababu zisizo zake. Wenye biashara husema, "Wazungu siku hizi hawana pesa," au, "Alikuwa anapima bei tu." Inawezekana. Lakini kwanza orodhesha majina yote aliyoyaona tangu alipokupata.

Tovuti ina jina moja. Barua pepe ni ya bure na ina jina jingine, pengine la kijana aliyekufungulia miaka iliyopita. WhatsApp ina picha ya machweo na jina la utani. Akaunti ya benki ni ya shemeji, kwa sababu shemeji ndiye aliye na akaunti ya fedha za kigeni. M-Pesa nayo ikithibitisha, linatokea jina la mama mwenye nyumba, ambalo mgeni hajawahi kulisikia. Wewe unajua kila jina lilitoka wapi na kila moja lina sababu njema. Yeye anaona watu watano, na mmoja wao anataka euro mia tatu.

Kumbuka pia kwamba matapeli wa malipo hufanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo. Mmoja huingia katika barua pepe ya biashara, husoma kimya mazungumzo, hungoja mteja akaribie kulipa, kisha huandika: akaunti yetu imebadilika, tuma huku. Wasafiri wengi wameshaonywa na benki zao juu ya mchezo huo. Ukimwandikia mgeni katikati ya mazungumzo, "Samahani, tumia akaunti hii nyingine," umejipaka rangi ya mwizi bila kuiba.

Matengenezo yana hatua, na hapa mpangilio una maana:

Chukua barua pepe yenye jina la tovuti yako. Gharama yake ni ndogo, na inaondoa jina moja katika orodha.

Omba nambari ya biashara ya M-Pesa badala ya kutumia nambari ya mtu. Jina linalotokea liwe la biashara, au lifanane nalo kiasi kwamba mtoto wa shule angeona ni kitu kimoja.

Ikiwa kuna jina ambalo huwezi kulibadilisha kwa sasa, lieleze kwenye ukurasa wa malipo kabla mgeni hajakutana nalo: "Malipo ya benki yanapokelewa kwa jina la fulani, ambaye ni mkurugenzi mwenza." Sentensi hiyo moja imeokoa malipo mengi kuliko mabango yote ya "100% salama" niliyowahi kuyaona.

Andika kwamba maelezo ya malipo hayabadilishwi kamwe kwa WhatsApp wala barua pepe, na kwamba mgeni akipokea ujumbe wa kubadilisha apige simu kwa nambari iliyo kwenye tovuti. Halafu uishike ahadi hiyo hata siku benki inapokusumbua.

Mwisho ni arbuni. "Arbuni hairudishwi" ikiwa peke yake inasomeka kama mlango uliofungwa kwa ndani. Eleza ni kiasi gani, inahesabiwa vipi katika bei nzima, na nini kinatokea mgeni akighairi mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, au siku yenyewe. Eleza pia nini kinatokea *wewe* ukighairi. Sehemu hiyo ya pili karibu kila mtu huiacha, na mgeni huitafuta.

Dalili: Analipa, anafika, kisha anakasirika gatini

Kutoaminiwa huku hukioni kwenye tovuti. Unakiona kwenye maoni anayoandika akisharudi kwao. Chanzo ni bei ambayo haikutajwa yote.

Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda. Kila mtu wa Amu, yaani Lamu, analijua hilo tangu utotoni, na kwa sababu hiyo hakuna anayeliandika. Mgeni anaposoma "uwanja wa ndege wa Lamu" anafikiria teksi. Anashuka, anakuta maji, watu kadhaa wanataka kumbebea begi, na bei ya boti haikuwamo katika hesabu yake. Aliyekuja kwa basi anashangazwa vivyo hivyo Mokowe, gati la upande wa bara. Kwa bei, safari hiyo si kitu kikubwa. Kinachomkera ni kugundua kwamba kulikuwa na jambo ambalo hakuambiwa, na kuanzia hapo kila kitu anakitazama kwa jicho la pembeni, hata samaki wa chakula cha jioni.

Kwa hiyo weka bei moja inayojumlisha yote yasiyokwepeka: boti ya kuvuka ikiwa ni lazima, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kama umesajiliwa kuitoza, na tozo ya utalii ya asilimia 2 kwa wanaotakiwa kuilipa. Usimwonyeshe bei ya chini kwenye ukurasa wa kwanza kisha ukaongeza kidogo kidogo hadi mwisho. Huko wanakotoka wageni wengi mchezo huo umeshachokwa: Uingereza ilipitisha sheria ya 2024 inayokataza kuficha gharama za lazima, na masharti hayo yakaanza kutumika Aprili 2025; Marekani nayo tangu Mei 2025 inawataka wenye malazi ya muda mfupi waonyeshe bei nzima. Sheria hizo ni za kwao. Lakini mgeni ameshapata mazoea hayo huko kwao, na anayaleta Shela. Hapa kwetu, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mteja haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na anachonunua, kwa hiyo usidhani ni ustaarabu wa kigeni tu.

Vipi kuhusu bei ya wakazi na bei ya wageni wa nje? Iandike waziwazi, zote mbili, kwenye ukurasa mmoja. Wengi wanaogopa, kwamba mgeni wa nje akiona bei ya wakazi atachukia. Kwa niliyoyaona, anachukia akiambiwa na Mkenya aliyeketi naye meza moja. Akiisoma mapema anaichukulia kama kiingilio cha mbuga, ambako tofauti hiyo ipo miaka yote.

Matembezi ya jahazi yana kitendawili chake. Upepo ukikata, mashine inawashwa, na mafuta yana bei. Nahodha mmoja aliniambia, "Mwanangu, nikiandika kwamba huenda tusitweke tanga, nani atakuja?" Tuliandika hivyo hivyo: siku isiyo na upepo tutatumia mashine, bei haibadiliki, na ukipenda kuahirisha unaweza. Wageni wakaanza kumuuliza juu ya upepo, jambo ambalo analipenda kuliko kuulizwa juu ya bei.

Dalili: "Tafadhali nipigie kwa video nione chumba"

Haamini picha zako, na pengine ana haki. Picha ya ufuo iliyochukuliwa mtandaoni inaweza kutafutwa kwa Google Images au TinEye na kuonekana kwamba ni ya Maldives. Mtu mmoja akiligundua hilo, hatalinyamazia. Picha za kweli lakini za zamani zina kasoro ileile: godoro limebadilishwa, ukuta uliokuwa mweupe umekula chumvi, jirani amejenga ghorofa mahali palipokuwa na mandhari.

Piga picha upya, kwa simu tu, mchana wa kawaida. Andika mwezi na mwaka chini ya picha. Onyesha choo. Onyesha ngazi.

Ngazi hasa. Nyumba za mawe za hapa zina ngazi za mwinuko mkali na dari ndefu, na huwezi kumwomba mtu wa miaka sabini azigundue akiwa na mzigo. Kuna mengine ya aina hiyo ambayo ni bora ayasome kwako kuliko kwenye malalamiko ya mwingine: adhana ya alfajiri inasikika katika kila chumba kwa sababu misikiti iko kila kona, punda hawana saa ya kulia, maji yakijaa, njia ya pwani kati ya mjini na Shela hufunikwa na utapita kwa boti au kwa njia ya ndani, mahali panapouza pombe ni pachache, mavazi ya ufuoni yaachwe ufuoni. Wenye hoteli huniambia kwamba orodha hiyo itafukuza watu. Itafukuza wachache, wale ambao wangekupa nyota moja. Wanaobaki wakisoma kwamba umewaambia habari ya punda, wanakuamini pia unaposema chumba kina feni nzuri.

Dalili: Kivinjari kinaandika kwamba tovuti si salama

Hapa hakuna falsafa. Tangu Julai 2018 Chrome huweka onyo hilo kwenye kila tovuti isiyotumia HTTPS, yaani njia inayoficha mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yasisomwe na wengine. Cheti kinachohitajika hutolewa bure na Let's Encrypt, lakini vyeti vyake vimekuwa vya siku 90, kwa hiyo vinatakiwa kujihuisha vyenyewe. Ukiona onyo lililokuwa limeondoka limerudi, ujue mtambo wa kuhuisha umekwama. Mwambie anayekuhifadhia tovuti; ni kazi ya dakika chache.

Ulipo hapo, uliza jina la tovuti limesajiliwa kwa nani. Nimekuta majina ya `.co.ke` yaliyoandikwa kwa fundi aliyehama mji. Likiisha muda wake bila wewe kujua, mtu mwingine anaweza kulichukua, na wateja wako wa zamani watafika kwake.

Dalili: Maoni yote ni nyota tano, na hakuna anayeyataja

Yamekuwa matamu mno. Hayana tarehe, hayataji chumba wala boti, na yote yanasema "huduma nzuri sana". Kama yameandikwa na jamaa, yaondoe leo. Marekani imeyapiga marufuku maoni ya kughushi kwa kanuni ya 2024 yenye faini, na majukwaa makubwa ya safari huyasaka. Acha maoni ya wastani yaonekane, na ujibu moja baya kwa upole: nini kilitokea, umebadilisha nini. Usibishane. Msomaji wa jibu hilo ni mgeni anayefuata, aliyelalamika alishaondoka.

Dalili: Anakataa kutuma nakala ya pasipoti

Jiulize kwanza unaihitaji kwa nini. Wengi huomba nakala wakati wa kuweka nafasi kwa sababu hoteli nyingine hufanya hivyo. Kama unaweza kuandika maelezo mgeni akifika, usiombe kabla.

Kama unaihitaji kweli, mwambie kwenye fomu yenyewe: sababu, nani ataiona, inakaa wapi, inafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umweleze, na kanuni za usajili za 2021 zinazitaja biashara za ukarimu miongoni mwa zinazotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo. Data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, una saa 72 za kumjulisha Kamishna. Sasa fikiria nakala za pasipoti za miaka yote zilizolala katika WhatsApp ya mfanyakazi aliyeacha kazi. Zifute, kisha andika kwenye tovuti utaratibu wako ulivyo. Usinakili sera ndefu ya faragha ya kampuni ya California. Mgeni akiona jina la jimbo hilo ndani ya tovuti ya nyumba ya vyumba sita, anajua hata wewe hukuisoma.

Dalili: Baada ya mkasa mmoja, maswali yamekauka

Boti imeharibika, bahari imechafuka, ndege haikuja, au kumekuwa na habari za usalama upande wa bara wa kaunti. Tovuti yako inaendelea kuonyesha jua na nazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Mgeni ameshasoma habari. Kimya chako anakisoma kama kuficha.

Kuna mfano unaojulikana sana kwa watu wa kompyuta. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alifuta kwa bahati mbaya data za kampuni kwenye seva isiyotakiwa, na takriban saa sita za kazi za watumiaji zikapotea. Kampuni iliweka hadharani kumbukumbu za uokoaji wakati kazi inaendelea, hata ikairusha moja kwa moja kwenye YouTube, kisha ikachapisha maelezo marefu ya nini kilikosewa, ikiwa ni pamoja na kwamba njia zake za kuhifadhi nakala hazikuwa zikifanya kazi. Wengi walikasirika, lakini wengine wengi walisifu uwazi huo, na kampuni iliendelea kukua.

Huhitaji kurusha chochote. Weka maelezo mafupi yenye tarehe juu ya ukurasa wa kwanza: nini kimetokea, kinagusa nani, safari zipi zinaendelea, nani anarudishiwa pesa na kwa njia gani. Kuhusu usalama, mwelekeze mgeni asome ushauri wa safari wa serikali yake mwenyewe, kwa sababu ndio bima yake inaoutazama, kisha ongeza unachokijua wewe: watu wanafikaje kwa ndege, wanafikaje kwa barabara. Usiandike "hakuna tatizo lolote". Hali ikibadilika, badilisha tarehe. Tangazo la miezi minane iliyopita ni baya kuliko kutokuwa na tangazo.

Dalili haimo humu

Mpe tovuti binamu aliyeko Mombasa au Nairobi ambaye hajui habari za biashara yako. Mwambie aweke nafasi kama mgeni, hadi hatua ya mwisho kabla ya kulipa, na akutumie kila swali linalomjia. Usimsaidie, hata akikosea. Maswali yake yaandike kama alivyoyauliza, majibu yaweke kwenye kurasa alizokuwa akisoma yalipomjia.

Ukikutana na swali ambalo hutaki kulijibu hadharani, kwa mfano makoti ya kuokolea majini ni mangapi kwenye boti ya abiria kumi na wawili, acha tovuti kando kwanza. Nenda kanunue makoti.